Mpakwa Mafuta Naye Aulizwe

Katika makanisa yetu ya Kiswahili hapa Kampala, ambako wengi wetu ni wakimbizi kutoka Kongo, kuna mstari ambao kila mshirika anaujua hata asipojua unapatikana wapi: "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wangu, na wengi huuelekeza kwa mchungaji. Nimeusikia ukitolewa kwa mama mmoja anayeuza samaki wakavu, aliyeinuka wakati wa matangazo akauliza kwa adabu, "Pasta, ile pesa ya mabati imefikia wapi?" Mzee wa kanisa ndiye aliyejibu, kwa mstari huo tu. Mama akakaa, akajifunga kitenge upya, na habari ya mabati ikaishia hapo.

Maneno hayo ni ya Zaburi 105. Ukianzia mstari wa 12 utaona yanawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni, wakihama toka taifa hadi taifa. Wanaokemewa ni wafalme. Mungu alilisema neno hilo kumkinga mgeni asionewe na mwenye nguvu. Leo mwenye nguvu analishika kumnyamazisha mkimbizi. Hilo linaniuma kuliko hata pesa yenyewe.

Sisemi mchungaji asiwe na kauli. Kanisa lisilo na mwenye kauli huishia kwenye ugomvi, na Paulo hakuwabembeleza Wakorintho. Lakini aliwaandikia kwamba mamlaka aliyopewa na Bwana ni ya kujenga, si ya kubomoa. Na Samweli, akiwa mzee mwenye mvi, alisimama mbele ya Israeli wote akauliza: "Nimetwaa ng'ombe wa nani?" Nabii aliyeisikia sauti ya Mungu tangu utotoni anajiweka mbele ya watu aliowaongoza, tena anaahidi kurudisha kama yupo anayemdai! Hakuona kwamba kuulizwa kunampunguzia upako.

Nchi hii imeyaona yote mawili, kauli inayojenga na kauli inayobomoa. Februari 1977 Askofu Mkuu wa Kanglikana Janani Luwum na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji na uonevu. Tarehe 16 mwezi huo Luwum akauawa. Alikitumia cheo chake kuwasemea wasioweza kusema, na kikamgharimu uhai. Kisha Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, 17 Machi 2000: waumini wa dhehebu moja waliokuwa wameuza mali zao na kuwakabidhi viongozi, waliofundishwa kutii na kunyamaza, wakateketea kwa mamia ndani ya nyumba ya ibada. Simfananishi kila pasta mkali na wale viongozi. Ila mazoea ya kuona swali ni uasi huanza mapema sana, kwenye mambo madogo kama mabati.

Kwa hiyo nawaomba wazee wetu. Daftari la sadaka lisomwe mbele ya washirika kila mwezi, na msomaji asiwe mke wa mchungaji wala shemeji yake. Mtu asitengwe na ushirika kwa neno la mchungaji peke yake, maana Mathayo 18 inataka mashahidi, kisha kanisa. Na lalamiko likimhusu mchungaji mwenyewe, siku hiyo asiongoze kikao. Paulo alimwagiza Timotheo asipokee mashitaka juu ya mzee bila mashahidi wawili au watatu. Wakipatikana, basi yapokelewe.