Waziri Mkuu Kanyeshewa, Mimi Nimenyimwa Likizo

Kwetu Kenya uchaguzi una adabu yake. Katiba imeandika wazi: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Harusi zinaupisha, mwenye duka anajua lini atashusha mlango wa chuma, na mwenye kwao bara anajua lini atapanda basi. Hapa Uingereza, bwana we, mtu mmoja anaamka, anakunywa chai yake, jioni anatoka mlangoni na kuwatangazia watu milioni sitini na kitu kwamba baada ya wiki sita wakapige kura. Sheria ilikuwa inamruhusu avute mpaka Januari 2025. Nani alimkimbiza?

Mimi ni mtu wa Kisauni, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mji wa Northallerton, Yorkshire ya Kaskazini. Huku ukichungulia dirishani unaona kondoo, mvua, na kondoo waliolowa. Na katika majimbo yote 650 ya nchi hii, Mwenyezi Mungu alinipeleka kwenye jimbo la Rishi Sunak mwenyewe. Yaani Waziri Mkuu wa wakati huo ndiye alikuwa mbunge wangu. Nilipomwambia mjomba wangu kwa simu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Basi barabara yenu ina lami?"

Tarehe 22 Mei 2024, siku ya Jumatano, wazee wangu walikuwa mbele ya televisheni na biskuti zao. Sunak akatoka Nambari 10 Downing Street, nyumba ya Waziri Mkuu, akasimama kwenye kile kijukwaa chao, na mvua ikaanza. Akaendelea. Mvua nayo ikaendelea. Suti ikabadilika rangi mabegani, maji yanamtiririka, na huko langoni jamaa mmoja amefungulia muziki kwa spika mpaka hotuba na wimbo vikawa vinagombania maikrofoni. Mimi tarehe ya uchaguzi wala sikuisikia. Nilikuwa nauliza mwavuli uko wapi. Kwetu hata diwani, hata anayeutaka udiwani na hajaupata, ana kijana wa kumshikia mwavuli, kijana wa kumbebea simu, na kijana wa tatu wa kucheka kila akisema jambo. Huyu ana serikali nzima nyuma ya ule mlango na hakuna aliyechungulia dirishani! Wallahi nilimwonea huruma. Mwavuli walikuja kuukumbuka tarehe 5 Julai, siku ya kuhama. Siku hiyo mkewe alisimama nyuma yake, kaushika barabara.

Huruma yangu lakini haikudumu, maana kabla mtu wa watu hajakauka, meneja wetu alishakuja na ratiba ya zamu.

Kumbe nchi hii wanaosimamia vituo na wanaohesabu kura ni watu wa kawaida tu, wanalipwa na halmashauri kwa siku hiyo. Na kumbe wenzangu kadhaa kazini hiyo ndiyo biashara yao ya pembeni. Wakaomba ruhusa ya tarehe 4 na 5 Julai, wakapewa papo hapo, kwa sababu ni wajibu wa taifa. Mimi nilikuwa nimeomba likizo tangu baridi haijaisha, binti ya dada yangu anaolewa Mombasa wiki hiyo hiyo. Meneja akaniwekea mkono begani. Wazungu wakikuwekea mkono begani jua umekwisha. Akasema demokrasia inatutaka sote tujitolee kidogo. Mimi nikajitolea biriani, wao wakajitolea kulipwa.

Na hapo ndipo nilipoanza kujiuliza hii ghafla ni ghafla ya nani. Haikupita muda, ikatoka habari kwamba mbunge mmoja aliyekuwa karibu kabisa na Sunak aliweka dau la pauni 100, siku tatu kabla ya tangazo, kwamba uchaguzi utakuwa Julai. Mwenyewe akakiri aliweka. Kisha wakatajwa wengine, mpaka polisi wa kulinda viongozi wakaingia kwenye hadithi. Yaani nchi hii watu wanacheza kamari ya tarehe! Sasa wewe unayeijua tarehe mpaka unaiwekea pauni 100, ulishindwaje kumpigia simu meneja wangu? Ghafla ni ya mtu wa zamu. Wakubwa wao walishaizoea.

Wenyeji nao wamechoka na mchezo huu. Mwaka 2017 Theresa May, Waziri Mkuu wa wakati huo, alikuwa na wabunge wa kumtosha, akaitisha uchaguzi wa mapema aongezewe. Bibi mmoja wa Bristol akaulizwa barabarani na mwandishi wa televisheni, akamaka: mnanitania, mwingine tena? Nchi nzima ikampenda. May akarudi na wabunge pungufu, wingi ukamtoka. Boris Johnson, aliyemfuata, naye akaitisha wake Desemba 2019, katika baridi ile, akashinda kwa kishindo. Kwa hiyo huwezi hata kusema ni dawa au ni sumu.

Kampeni sasa. Kampeni gani! Wiki sita sikusikia gari hata moja la spika. Hakuna leso, hakuna fulana, hakuna hata kofia ya jua, ingawa hilo nalielewa maana jua lenyewe halikugombea. Ulikuwa unaletewa karatasi tu, zinasukumwa kwenye kitundu cha barua mlangoni. Kila karatasi ina mchoro wa nguzo kuonyesha kwamba hapa kwenu ni mbio za farasi wawili tu, na kila chama kina farasi wake wa pili. Wengine wanagonga mlango. Mimi natoka zamu ya usiku, nimelala saa mbili asubuhi, saa tatu mlango unagongwa. Nafungua na kikoi changu, namkuta mzee wa Kizungu mwenye koti la mvua na mbwa, anauliza kwa upole kama chama chake kinaweza kunitegemea. Nikamuuliza mmekuja na nini. Akanipa karatasi.

Kiongozi wa chama cha Liberal Democrats, Sir Ed Davey, huyo angalau alijua kampeni ni burudani. Alipanda ubao wa kupiga kasia ziwani Windermere, akaanguka majini, akapanda tena, akaanguka tena, mbele ya kamera. Siku nyingine akajirusha kwa kamba kutoka juu. Wazee wangu walikuwa wakimsubiri kila jioni kumwona leo ataanguka wapi. Unajua alipata viti vingapi? 72. Hakuna aliyeanguka kwa faida namna ile.

Mjomba wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yake iko Kongowea, na siasa anaifuata zaidi ya dini. Kila jioni ananipigia.

"Mwanangu, wametoa ngapi huko?"

"Ngapi nini, mjomba?"

"Usinifiche. Kwa kichwa."

"Hawatoi, mjomba. Ni kosa la jinai."

"Hata huku ni kosa la jinai. Nakuuliza wametoa ngapi."

Nikamweleza kwamba hapa huchagui Waziri Mkuu, unachagua mbunge wa jimbo lako, na chama chenye wabunge wengi ndicho kinaunda serikali. Akaniuliza, basi huyu Sunak alichaguliwa lini? Nikamwambia hakuwahi. Aliwekwa na wabunge wa chama chake Oktoba 2022, baada ya Liz Truss kukaa siku 49, na Truss mwenyewe aliwekwa na wanachama baada ya wabunge wa chama hicho hicho kumtoa Johnson. Mjomba akashusha pumzi, akasema, "Na hawa ndio waliotufundisha sisi."

Lakini kwa Sunak alikuwa na udhaifu. Babake Sunak alizaliwa Kenya na mamake Tanganyika, kabla ya familia zao kuhamia Uingereza. Kwa mjomba hiyo ilitosha. "Huyo ni mtu wetu. Umemsalimia? Umemwambia wewe ni wa Mombasa?" Nikamwambia mjomba, yule mtu ana walinzi. Akasema mtu wa kwenu halindwi na wewe.

Na jambo ambalo hata Waingereza wengi hawalijui: mimi, na pasipoti yangu ya Kenya, napiga kura. Raia wa Jumuiya ya Madola akiwa anaishi hapa kihalali anaruhusiwa kumchagua mbunge. Mwenzangu wa zamu ni mama wa Kipolandi, kakaa hapa miaka kuliko mimi, kodi analipa, lafudhi ya Yorkshire kaipata, na haruhusiwi. Alinuna wiki nzima. Nilimwambia si mimi, ni ukoloni. Kwa mara ya kwanza tulipata kitu.

Siku yenyewe ni Alhamisi. Tangu 1935 uchaguzi wao mkuu ni Alhamisi, na hawatoi mapumziko. Kwetu siku ya kura nchi inasimama. Hapa watu wanapiga kura wakielekea dukani kununua maziwa. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku, na viko kanisani, shuleni, hata kwenye baa. Mimi changu kilikuwa ukumbi wa kanisa. Nimezoea foleni ya alfajiri, askari, mwenye kuzimia, mwenye kuuza mahamri. Nilikuta akina mama wawili nyuma ya meza na mbwa wa mtu kafungwa mlangoni. Wakaniambia habari za asubuhi, mpenzi. Ni desturi yao ya Yorkshire, mke wangu nimeshamweleza.

Lazima uwe na kitambulisho chenye picha, na, ukiiacha Ireland ya Kaskazini, huu ndio ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza wenye sharti hilo. Kadi ya basi ya mzee inakubalika, kadi ya treni ya kijana haikubaliki. Nani aliamua, msiniulize. Serikali ya Boris Johnson ndiyo iliyoleta sheria hiyo, na Mei ile ile ya 2024, siku ya uchaguzi wa mitaa, Johnson mwenyewe alikwenda kituoni bila kitambulisho akarudishwa nyumbani akakilete. Nilipoisoma habari hiyo nilisamehe mambo mengi.

Nikatoa pasipoti, mama akaweka rula kwenye orodha, akapiga mstari juu ya jina langu, akanipa karatasi. Moja! Kwetu 2022 tulipewa sita, unatoka kwenye kile kibanda umechoka. Hakuna wino kidoleni, hakuna mashine ya alama za vidole. Ndani ya kibanda kuna penseli imefungwa kamba. Mwavuli wa Waziri Mkuu hawaukumbuki, lakini penseli wameifunga isiibiwe.

"Penseli?" Mjomba alipiga kelele mpaka nikasogeza simu. "Penseli inafutika!"

"Unaruhusiwa kuja na kalamu yako, mjomba."

"Na nani alikuwa analinda kura?"

"Mbwa."

Orodha ya wagombea wetu ilikuwa ndefu. Waziri Mkuu yumo, na chini ya paa hilo hilo yumo Count Binface, mtu anayevaa pipa la taka kichwani na kusema ametoka anga za mbali. Si utani, jina limepigwa chapa. Ukiwa na pauni 500 za dhamana na saini za watu kumi, unagombea. Usipofikisha asilimia tano, pesa zinakwenda. Matokeo yakatangazwa alfajiri kwenye kituo cha michezo hapa hapa mjini, na ukaona jukwaani Waziri Mkuu wa Uingereza kasimama na uso wa msiba, na pembeni pipa. Pipa lilipata kura 308. Sunak alishinda ubunge vizuri, zaidi ya kura elfu ishirini na tatu, ila chama chake kilibaki na viti 121, na wapinzani wao, chama cha Labour, 411. Truss naye kiti kilimtoka kwa kura 630.

Mimi niliyatazama hayo yote kazini, zamu ya usiku, peke yangu na wazee wawili wasiolala, kwa sababu wenzangu walikuwa wakihesabu kura kwa malipo. Mombasa walikuwa wananitumia picha za upambaji wa bibi harusi.

Ijumaa mchana Sunak keshakwenda kwa Mfalme kujiuzulu, Keir Starmer, kiongozi wa Labour, keshaingia ndani ya nyumba. Mjomba hakuamini.

"Hakuna kwenda Mahakama ya Juu?"

"Hakuna, mjomba."

"Siku kumi na nne za kusubiri?"

"Hata saa kumi na nne hazikufika tangu alipokubali ameshindwa."

"Basi hawajui siasa. Na huyu Starmer, wazazi wake ni wa wapi huku kwetu?"

Nikamwambia hana asili ya huku. Ninachojua, maana alikisema kampeni nzima mpaka watu wakaanza kumcheka, ni kwamba babake alikuwa fundi wa kutengeneza zana.

Simu ikawa kimya. Nikasikia mashine ya kuchomelea inazimwa kule Kongowea, na mjomba anawaambia vijana wake wanyamaze.

"Zana gani, mwanangu? Muulize kama ana grainda ya inchi tisa."