Kunyanyua Gari la Porini: Kinachopatikana Kwenye Tope na Kinacholipwa Kwenye Lami

Masika yanapokaribia, karakana za Arusha zinazohudumia magari ya utalii hupokea ombi lile lile kutoka kwa wamiliki wengi: zifungwe tairi kubwa zaidi na gari linyanyuliwe. Wanaoomba hivyo wana sababu. Wamewahi kulala porini na wageni kwenye tope, wamewahi kuvutwa na trekta, na wamewahi kurudi mjini na tangi la mafuta lililobonyea. Wanaopinga nao, hasa madereva wa siku nyingi na mafundi wa breki, wana hoja ambazo si haki kuzipuuza. Nimeyafuatilia mabishano haya kwa miaka kadhaa, na ninaloliona ni kwamba kimo cha ziada kina kazi yake halali, lakini faida yake huonekana kwenye tope ilhali gharama yake hulipwa kwenye barabara kuu, kwa mwendo mkubwa, mahali ambapo mmiliki hakuwa akipafikiria alipotoa fedha.

Kwanza ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo huuzwa kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Kubadilisha springi na shokapu huinua chasisi, bodi, tangi na bampa, lakini hakuinui ekseli, yaani mhimili unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70, zinazotengenezwa tangu mwaka 1984 na ambazo ndizo uti wa mgongo wa utalii wa kaskazini mwa Tanzania, ekseli ni ngumu mbele na nyuma, na difu, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, imekaa kwenye ekseli hiyo. Unaweza kuinyanyua gari hiyo sentimeta 10 kwa springi, na difu ikabaki pale pale ilipokuwa siku gari lilipotoka kiwandani. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka. Mtu anayelalamika kwamba difu inalima tuta la katikati ya njia, kisha akauziwa springi ndefu, ameuziwa dawa ya ugonjwa mwingine.

Hesabu yake si ngumu. Tairi ya 265/70R16 (upana wa milimita 265, ubavu wenye kimo cha asilimia 70 ya upana huo, na rimu ya inchi 16) ina kipenyo cha milimita 777 hivi, na ile ya 285/75R16, ambayo ndiyo hatua inayopendwa sana, ina milimita 834. Tofauti ni milimita 57, kwa hiyo difu hupanda milimita 28, karibu upana wa vidole viwili. Anayeishi mjini anaweza kuiona tofauti hiyo kuwa si kitu. Aliyewahi kufuata mifereji iliyochimbwa na malori kwenye barabara ya udongo anajua kwamba vidole viwili ndivyo vinavyoamua kama gari litapita likikwaruza majani au litakaa juu ya tumbo lake huku magurudumu yakizunguka hewani. Hoja ya tairi kubwa, kwa hiyo, ni hoja ya kweli, na ninaikubali.

Hoja ya kunyanyua nayo inakubalika, ila kwa sababu tofauti na ile inayotajwa kwa kawaida. Magari mengi ya utalii yanayoundwa Arusha huanza yakiwa pikapu, kisha chasisi hukatwa na kurefushwa ili viti vya abiria vipatikane. Urefu huo hupunguza uwezo wa gari kuvuka kilele cha tuta bila kugusa tumbo. Tuchukue mfano wa gari lenye mita 3.18 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, na tumbo lililo sentimeta 35 kutoka ardhini: kwa mkokotoo mwepesi usiohesabu umbo la tairi, linaweza kuvuka tuta lenye mkunjo wa nyuzi 25 hivi. Likirefushwa kwa nusu mita, uwezo huo hushuka hadi nyuzi 21 na nusu. Likinyanyuliwa sentimeta 5, hurudi kwenye nyuzi 24 na nusu. Kwa maneno mengine, mmiliki wa gari lililorefushwa anayeomba sentimeta 5 anadai arudishiwe kile alichonyang'anywa siku chasisi ilipokatwa. Huyo simlaumu hata kidogo.

Suala la upana wa tairi ndilo linaloleta ubishi mkali zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Picha za magari yenye tairi pana za inchi 38 na kuendelea zimetokana kwa sehemu kubwa na Aisilandi, ambako gari hutakiwa kuelea juu ya theluji nene isiyo na kitu kigumu cha kukanyaga kwa chini. Tope letu halifanani na theluji hiyo. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kugeuka kuwa kama ugali masika, mara nyingi huwa na tabaka la juu lililolowa na tabaka la chini ambalo maji hayajalifikia. Tairi nyembamba na ndefu hupasua tabaka la juu na kushika lile la chini, lakini tairi pana huteleza juu, mifereji yake hujaa udongo, na baada ya mizunguko michache huwa laini kama chupa. Hii ndiyo sababu madereva wengi wa zamani hawataki kuachana na 7.50R16, tairi yenye upana wa inchi 7.5 hivi. Kipenyo chake kinakaribia milimita 805, kwa hiyo inaipita 265/70R16 kwa kimo huku ikiwa nyembamba, na kwa kuwa hutumika pia kwenye malori madogo, hupatikana hata kwenye miji midogo ambako tairi pana haijawahi kufika. Kwenye mchanga mkavu mambo hugeuka na tairi pana hushinda. Lakini hata huko, kabla hujanunua chochote, punguza upepo: tairi iliyokuwa na upepo wa psi 38 (paundi kwa inchi ya mraba) ikishushwa hadi psi 20 huongeza urefu wa sehemu inayogusa ardhi, na gari lililokuwa likizama huanza kutembea. Kinachohitajika ni kipimo cha upepo, pampu ya kuurudisha kabla ya kuingia tena barabara kuu, na uvumilivu wa dakika 20.

Upande wa gharama nitauanzia chini ya gari, kwa sababu ndiko nilikoelewa mambo haya. Miaka michache iliyopita nililala chini ya Land Cruiser iliyokuwa imenyanyuliwa wiki moja kabla, katika karakana moja ambayo sina haja ya kuitaja. Dereva alikuwa akilalamika kwamba gari linachelewa kusimama. Fundi aliweka jeki chini ya chasisi na kuipandisha hadi gurudumu la nyuma likaning'inia, akanionyesha mpira wa breki unaotoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli. Ulikuwa umenyooka kama uzi wa gitaa. Haukuwa umekatika, lakini karibu na maungio yake rangi nyeusi ya mpira ilikuwa imeanza kupauka na kuonyesha mistari myembamba ya kuchanika. Kila shimo kubwa kwenye barabara lingeuvuta zaidi.

Kisha akanionyesha jambo ambalo sikuwa nimelijua. Kwenye chasisi, juu ya ekseli ya nyuma, kulikuwa na valvu ndogo iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo ya chuma. Valvu hiyo hupima mzigo: gari likipakiwa, chasisi hushuka kuikaribia ekseli, fimbo husogea, na breki za nyuma hupewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, chasisi huwa juu, na valvu hupunguza nguvu ya nyuma ili magurudumu yasijifunge. Sasa fikiria gari lililonyanyuliwa sentimeta 5 huku fimbo ikiachwa ilivyokuwa. Valvu huamini kwamba gari ni tupu siku zote. Watalii saba wakiwemo, mizigo ikiwa juu na akiba ya maji nyuma, breki za nyuma huendelea kufanya kazi kama za gari lisilo na mtu, na sehemu kubwa mno ya kazi ya kusimamisha chombo huangukia mbele. Dawa yake ni kipande kidogo cha chuma cha kuipandisha fimbo, na marekebisho ya nusu saa. Hakikuwa kimefungwa kwa sababu hakikuwamo kwenye boksi la vifaa vya kunyanyulia, na aliyefunga hakujua kwamba kinahitajika. Tangu siku hiyo, nikiambiwa gari limenyanyuliwa, swali langu la kwanza huwa ni hilo.

Usukani nao hubadilika. Land Cruiser za 70 zenye springi za koili mbele, ukizinyanyua, ekseli hujizungusha kidogo na kupoteza ule mlalo unaofanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona. Dereva hulieleza hilo kwa maneno rahisi: gari halitulii. Kuna bushi maalumu za kurekebisha mlalo huo, na kuna fimbo ya kurekebishika inayorudisha ekseli katikati kwa sababu kunyanyua huivuta upande. Kwenye Prado, Hilux na nyinginezo ambazo kila gurudumu la mbele lina mkono wake, tatizo huhamia kwenye joint za shafti za mbele, ambazo hulazimika kuzunguka zikiwa zimepinda zaidi, na mipira yake ya kuzuia grisi huchanika mapema.

Uthabiti ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote. Uwezo wa gari kutopinduka hutegemea uwiano kati ya nusu ya upana wa magurudumu na kimo cha kitovu cha uzito. Gari lenye upana wa mita 1.5 na kitovu kilicho sentimeta 80 kutoka ardhini lina uwiano wa 0.94. Kitovu kikipanda sentimeta 7, uwiano hushuka hadi 0.86, yaani takriban asilimia 8. Asilimia 8 ya kitu kilichokuwa kingi ni kidogo, lakini gari la utalii halianzi na kingi: lina paa la kufunguka, lina vyuma vya kulishikilia paa hilo, na mara nyingi lina mizigo juu yake. Kwenye barabara ya changarawe kati ya lango la Lodoare la Ngorongoro na lango la Naabi la Serengeti, yenye mikunjo kama bati, gurudumu likiingia kwenye ukingo laini na dereva akakata usukani ghafla kulirudisha, hiyo asilimia 8 ndiyo ingeweza kumwokoa.

Upande wa injini nitausema kwa ufupi. Tairi ya 285/75R16 huzifanya gia zote kuwa nyepesi kwa asilimia 7. Injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo (turbo), ambayo kwenye kingo za Ngorongoro tayari inahema kwa sababu iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hulazimika kushuka gia mapema inapopanda. Wakati wa kushuka ni hatari zaidi kuliko kupanda: kwenye mteremko wa Seneto kuelekea ndani ya kreta, dereva hutegemea gia nzito kulishikilia gari, na kila kilichopunguzwa kwenye nguvu ya gia huongezwa kwenye mguu wa breki.

Wanaotetea kunyanyua watanijibu kwamba nimeeleza kazi mbovu, na kwamba kazi nzuri haina matatizo hayo. Wana haki kwa kiasi kikubwa. Springi zilizochaguliwa kulingana na uzito halisi wa gari lililojaa ni bora kuliko springi za kiwandani zilizolala kwa miaka. Gari huacha kugonga mpira wa kizuizi, ule unaozuia ekseli isigonge chasisi, kwenye kila shimo, na taa za mbele huacha kumulika miti. Sehemu hiyo ya kazi ningeifanya hata kama gari lisingepanda sentimeta moja. Ninachokataa ni kuendelea kupanda baada ya hapo. Australia, nchi ambayo magari haya hufanya kazi ngumu jangwani na ambako vifaa vingi vya kunyanyulia hubuniwa, majimbo kadhaa yameweka kikomo cha milimita 75 kwa gari lisilo na cheti cha mhandisi: 50 kutoka kwenye springi na 25 kutoka kwenye tairi. Ile hatua ya kutoka 265/70 kwenda 285/75 yenye milimita 28 inauvuka mpaka wa tairi kidogo. Sidai kwamba kanuni ya huko itufunge sisi, lakini kwa gari linalobeba abiria wanaolipa, sijasikia hoja ya kwenda juu zaidi ya hapo. Mmiliki pia aiandikie kampuni yake ya bima kabla ya kazi kuanza, maana bima husimama juu ya taarifa kamili kuhusu chombo kinachokatiwa.

Limebaki suala la dereva, ambaye kwa kawaida haulizwi. Mmiliki huamua, fundi hufunga, na dereva hukabidhiwa ufunguo asubuhi ya safari. Kipimamwendo hakijaambiwa kwamba tairi zimebadilika. Kinaposoma 80, gari linakwenda karibu 86. Kinaposoma 50 ndani ya hifadhi ambako 50 ndicho kikomo, gari limeshafika karibu 54, na faini atatozwa yeye. Kitabu cha matengenezo nacho hudanganyika, kwa kuwa kilomita 5,000 za kubadilisha oili zinakuwa zimetembea karibu 5,400. Kipimo kinaweza kusahihishwa na fundi umeme, na kisiposahihishwa, basi tofauti hiyo iandikwe kwa kalamu nzito kwenye kikaratasi na kubandikwa pembeni ya dashibodi siku ile ile tairi zinapofungwa: 50 ni 54, 80 ni 86, breki zimerekebishwa tarehe fulani, na jina la aliyerekebisha.