Landilodi ananishukuru kwa kula gesi

Wakubwa wakisema uchumi ni mbaya tukaze mshipi, mimi huangalia mshipi wangu nashindwa nikaze wapi tena, tundu ziliisha kitambo. Mshahara wangu ni elfu 50, na usinionee wivu, hiyo ni ya kwenye karatasi. Kabla haijanifikia PAYE, kodi ya mshahara, imekula, ile ya nyumba za serikali imekula asilimia 1.5, SHA ya matibabu imekula 2.75, NSSF nayo imebeba elfu 3 eti nitaikuta nikizeeka (nikifika), nikija kuangalia naona elfu 39 na chenji. Hiyo chenji nayo nikinunua sabuni kuna VAT 16, nikimtumia mamangu kitu kidogo nyumbani ile ada ya kutuma imewekewa ushuru, yaani hata kumkumbuka mzazi kuna mtu anakula hapo katikati.

Sasa njoo kwa landilodi wangu hapa Pipeline, Nairobi. Nyumba 40, kila moja 15,000, mimi niko floo ya saba, lifti hakuna, maji hukuja yakijisikia. Piga hesabu, laki 6 kwa mwezi. Kodi ya mapato ya renti ilikuwa asilimia 10, ikifika Januari 2024 ikashushwa, ikawa 7.5. Ikashushwa! Sisi tumetoka tu kuongezewa ya nyumba za serikali, mwenye nyumba anapunguziwa. Kwa hiyo kwa hiyo laki 6 anatoa elfu 45, kama anatoa, na mtu wa mshahara wa laki 6 anakatwa zaidi ya laki na nusu. Najua kuna mjuaji atasema oh, yeye hatolewi gharama kabla ya kukatwa, kuna ripea. Ripea gani jamani? Balbu ya ngazi iliungua zamani, usiku tunapanda na tochi ya simu tukisalimiana kwa sauti ndio tusigongane.

Na hiyo ni renti tu. Mwenye hisa akipata gawio lake anakatwa asilimia 5, kwisha, analala. Mimi nikishavuka 32,333 kila shilingi inayofuata inatolewa senti 30.

Kusema ukweli walituhurumia mara moja, 2020 wakati wa korona, VAT ikashuka hadi 14 na walio chini ya elfu 24 hawakukatwa PAYE kabisa. Huruma ya VAT ilikaa miezi tisa kama mimba, Januari 2021 tukazaliwa upya kwa 16.

Lakini kilichonimaliza ni Jumapili. Nimemkuta mzee, huyo landilodi, ameegesha Prado yake mbele ya tangi la maji, ananishika mkono, anauliza mimi si nilikuwa kwa zile maandamano za Juni 2024 za kupinga mswada wa kodi, nikasema ndio mzee, nilikula gesi ya machozi na kiatu kimoja kikabaki huko. "Mlifanya kazi safi sana kijana, ile kodi ya gari ingenimaliza."

Ile kodi iliyopendekezwa, kama umesahau, ilikuwa iwe asilimia 2.5 ya bei ya gari kila mwaka, lakini isishuke elfu 5 na isipite laki moja. Mwenye kigari cha laki moja angetoa elfu 5, hiyo ni asilimia 5 nzima. Mwenye gari la milioni 20 naye laki moja, nusu ya asilimia. Hata wakiamua kuwagusa matajiri lazima wawawekee godoro kwanza! Na mimi, mtu wa miguu, ndiye nililia machozi ya gesi ndio Prado ipone.

Nikaona basi shukrani isiende bure, nikamwambia mzee, si unipunguzie renti hata kidogo. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema mwezi ujao inapanda na elfu moja, nisimlaumu, serikali imezidisha ushuru.