Nipe Bamvua Nyingine

Juzi nilipotoka msikitini alfajiri nilipita pwani kama kawaida yangu, nikauona mlingoti umesimama peke yake baharini. Mashua yenyewe ilikuwa chini ya maji. Tulikuwa tumeishua jana yake alasiri, maji yalipojaa, watu kama kumi na watano tukivuta na kusukuma kwa nyimbo, nami nikiwemo. Mwenyewe alipofika akaitazama, na neno la kwanza kumtoka likawa: "Fundi kaniulia chombo."

Hapana. Nimekaa kuandika kwa sababu ya neno hilo.

Mashua ile ilipandishwa bamvua ya mwezi mpevu. Bamvua ni yale maji makubwa yanayojaa kupita siku nyingine, mwezi ukipevuka na ukiandama. Ikatiwa gadi za kuizuia isilale, pamba kuukuu ya kwenye mishono ya mbao ikaanza kuchokolewa. Siku zote zile mwenyewe alikuja mara mbili tu, na mara zote mbili aliuliza swali moja: itashuka lini? Fundi alimjibu mbele yangu kwa upole kabisa: "Bwana, upande wa nyuma, kwenye tezi, bado, na mbao mbili za chini karibu na mkuku zimeoza penye misumari. Nipe bamvua nyingine." Akakataa. Sisi wa Nungwi tunajua maana ya ombi hilo: ukiikosa bamvua ya mwezi mwandamo, maji hayakifikii chombo pale juu mpaka mwezi upevuke tena. Siku kumi na nne nyingine. Aliziona nyingi.

Najua chombo kikikaa mchangani hakiingizi hata shilingi, na mabaharia wana watoto wa kulisha. Nakubali pia kwamba wapo mafundi wanaokula pesa ya kwanza kisha wakapotea. Yule hakuwa mmoja wao.

Linaloniuma ni kwamba wenye vyombo siku hizi hawaijui kalafati, kazi ya kushindilia pamba kwenye mishono ya mbao maji yasiingie, wala hawataki kuijua. Wanadhani ni kuziba tundu. Mimi nilifundishwa na mzee mmoja mwaka niliponunua kimashua changu cha kwanza. Alinipa chembeu ya kushindilia na nyundo ya mti, akaniwekea pamba iliyolowa mafuta ya nazi, akaniambia anza. Yeye akakaa upande wa pili anashona tanga. Pamba ikiwa bado haijashiba, nyundo inalia bubu. Ikishiba, sauti inapanda, inakuwa kavu kama unagonga jiwe. Nikaenda hivyo karibu pima nzima, nimefurahi, mara nikamsikia bila hata kugeuka: "Rudi nyuma shibiri mbili, mwanangu. Hapo umeruka." Nikarudi, nikabonyeza kwa kidole. Pamba ilikuwa imekaa juu juu, ndani kutupu.

Yule mzee alisikia kwa mgongo kosa ambalo mimi sikuliona kwa macho, na kazi ya namna hiyo ndiyo watu wanataka imalizwe mbio.

Maana mbao nayo ina tabia yake. Ikikaa juani wiki mbili inasinyaa, ikirudi majini inavimba na kubanana. Ukishindilia pamba kupita kiasi, mbao zikivimba zinasukumana na misumari inalegea. Ukiweka kidogo, maji yanakuwahi kabla mbao haijavimba. Kipimo cha katikati kinakaa mkononi mwa fundi, na mkono hauharakishwi. Deheni unayopaka chini, chokaa na shahamu, haiwezi kuokoa mshono mbovu. Wazee waliounda mitepe walishona mbao kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na mtepe wa mfano ulikuwepo Jumba la Maajabu, kabla sehemu ya jumba haijaporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nilikuwa nikienda pale Mjini kuutazama tu ule ushonaji. Ungeona ilivyochukua subira!

Wengine wananishauri nihamie boti za fiberi. Kwa uvuvi wa mashine, sawa, sina ugomvi. Na Lamu wameunda chombo kiitwacho Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, ikaja kwa tanga mpaka huku Unguja mwaka 2019. Ninaiheshimu sana kazi ile, na walioiunda ni mafundi wa mbao waliofundishwa na wazee wao.

Nirudi kwenye mashua. Saa nne asubuhi maji yalipokupwa ikalala ubavu juu ya mchanga, tukaingia kufua maji kwa ndoo. Karibu na tezi maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye mshono mmoja. Nikashika ncha ya pamba kwa vidole viwili, nikavuta. Ikatoka yote, ndefu kama dhiraa mbili, nyeupe, haina hata tone la mafuta. Ndipo kijana mmoja akasema ukweli: fundi alipokataa kufunika upande ule, mwenye chombo aliwaita wao wawili usiku waumalize kwa tochi.

Fundi alikuja mchana na kikapu chake. Hakumlaumu mtu. Alichutama, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wote taratibu, akagonga mbao mara tatu na kusikiliza, kisha akaomba mafuta ya nazi. Mwenyewe akaenda kuyanunua kwa miguu yake. Aliporudi akakaa pale mchangani karibu na fundi, akauliza anaweza kushika nini.

Safari hii amempa bamvua mbili.