"Kamsukuma tu, shangazi"

Jumapili iliyopita binti wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Uyole, Mbeya, hasira zimemjaa hadi maneno yanagongana. "Shikamoo shangazi. Refa wa mpira wa pete katuonea jana! Kamtoa GK wetu robo ya tatu, tukabaki sita, ndiyo tukafungwa." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza huyo GK, mlinda goli wao, alifanya nini hasa. "Kamsukuma tu GS, mfungaji wao, wakati anaruka."

Tangu siku hiyo hilo "tu" limenikaa rohoni. Nalijua vizuri, maana na mimi nimelisema miaka mingi. Nilianza mpira wa pete shule ya msingi, nikafika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Kwenye viwanja vyetu vya Mbeya mistari tulipiga kwa chokaa, ikikosekana kwa majivu, na goli lilikuwa mti wa mkaratusi uliofungwa pete ya nondo. Kumgonga mwenzako akiwa hewani tulikuita kukaza. Beki anayekaza alisifiwa. Refa akipiga filimbi unasimama pembeni, pasi ya adhabu inapigwa, mchezo unaendelea. Sikumbuki hata mara moja kuona mchezaji akitolewa.

Sasa nina miaka minane Uingereza. Naishi Leeds, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kila Jumatatu usiku nacheza ligi ya mtaa kwenye ukumbi wa shule. Nilijiunga kwa sababu ya upweke, niseme ukweli. Hazikupita wiki nyingi nikatolewa. Mpira ulirushwa juu kuelekea kwa GA, mshambuliaji wao, nami GD, yaani beki, nikauendea kwa nguvu zangu zote. Yeye alikuwa ameshaudaka, na mimi nikafika palepale ambapo miguu yake ilikuwa inarudi chini. Nyonga yangu ikampiga, akaanguka kwa ubavu. Mwamuzi, mama wa makamo mwenye mvi, akasimamisha saa, akaniita, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nakaa nje dakika mbili.

Nilikaa kwenye benchi masikio yanawaka. Niliamini kabisa kwamba nimeonewa kwa sababu ya rangi yangu. Ukisimamishwa hivyo nafasi yako inabaki wazi, haingii mtu badala yako mpaka dakika mbili za mchezo ziishe, na ndani ya muda huo wakatufunga mara mbili mbele ya macho yangu. Mechi ilipokwisha nikamfuata yule mama nimwambie yangu ya moyoni. Hakunikaripia. Alisimama kwa mguu mmoja, akaniomba nimguse begani kwa kidole. Nikamgusa, akayumba, akashika ukuta. Akaniambia: aliye hewani hana hata huo mguu mmoja.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliyekuwa namuwaza ni rafiki yangu wa Tukuyu.

Alikuwa GA wetu, na mpaka leo sijaona msichana anayeruka kama yeye. Kwenye mechi moja ya wilaya beki alimwingilia chini wakati anatua. Goti lilitoa mlio, niliusikia kutoka mstari wa katikati, kama kuni kavu inavunjwa. Refa akatoa pasi ya adhabu. Yule beki akacheza hadi filimbi ya mwisho, tena akashangiliwa. Rafiki yangu alipakiwa kwenye pikipiki, mmoja nyuma amemshikilia, akafungwa bandeji, kisha mama mmoja jirani akawa anamchua jioni kwa wiki kadhaa. Goti likivunjika kwa namna ile, mara nyingi ni kano ya ndani iliyokatika, na kano hiyo hairudi kwa kuchuliwa. Operesheni tuliambiwa mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 800, na nani angelipa? Leo anauza ndizi. Miteremko ya Tukuyu anaishuka kwa ubavu, mguu mmoja umenyooka, mkono unashika uzio wa watu.

Ndiyo maana nilimwambia binti wa kaka yangu kwamba refa wao alifanya sawa. Akanyamaza kidogo, kisha akanijibu kitu kilichonichoma: "Shangazi, huko kwenu mnacheza kwenye sakafu ya mbao."

Huko kwenu. Lakini hoja zake si za kitoto, na nisizipite juu juu. Walikwenda wachezaji wanane kwenye Noah moja kwa nauli ya kuchangishana. Ukimtoa mmoja timu imekwisha, na waliochanga wanarudi wamekasirika. Halafu refa mwenyewe ni mwalimu wa kata ileile, anajulikana na kila mtu. Siku ile vijana wa bodaboda walimzomea hadi barabarani. Nani atapenda kushika filimbi tena?

Na huku nako watu wanabishana. Ligi Kuu ya netiboli ya hapa ikichezwa, wapo wanaolalamika kwamba mtu amelipa kiingilio kuona saba kwa saba, si sita kwa saba. Kwenye ligi yetu ya mtaa kila timu hutakiwa kuja na mwamuzi wake, kwa hiyo naye hufokewa na watu anaowafahamu. Tofauti niliyoiona ni moja: hatua zinajulikana na kila mchezaji kabla hajavaa herufi kifuani. Sheria za kimataifa zimempa mwamuzi ngazi ya kupanda, kutoka onyo hadi dakika mbili nje, kisha kutolewa moja kwa moja, na jambo likiwa la hatari anaruhusiwa kuruka ngazi. Sheria ya kugusana wala haiulizi kama ulikusudia. Goti nalo haliulizi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Nenda Uwanja wa Sokoine pale Mbeya siku timu za soka, Prisons au Mbeya City, wanacheza. Beki akimpanda mtu miguu miwili, jukwaa zima linajua kadi yake, hata shabiki wake anajua, analalamika tu kwa sababu ni wake. Lakini watoto wa kike wakigongana hewani, filimbi ikilia kwa ukali watu wanashangaa. Wamezoea kuuona mpira wa pete kama mchezo wa akina dada kupasiana, hauna cha hatari. Kwa hiyo maumivu ya msichana yanakuwa "tu", na yeye mwenyewe anafundishwa kusema hivyo. Nimekulia kwenye fundisho hilo. Tuliambiwa anayelia ni legelege, arudi jikoni.

Na hizo mbao? Mwanangu, mimi nikianguka huku naanguka juu ya mbao laini, kuna barafu kwenye sanduku, na matibabu ya hospitali ya umma silipii mlangoni. Yule GS wenu ameanguka kwenye udongo wa Uyole mwezi wa saba, ardhi imekauka na baridi imeingia mwilini. Kama kuna mahali dakika mbili zinahitajika, ni hapo. Anayetakiwa kuogopa goti kukatika ni yule ambaye akikatika hana pa kwenda.

Sitaki kusema huku ni peponi. Mwaka juzi nilitegua kifundo cha mguu. Fomu ya ajali ilijazwa vizuri, saa na dakika zikaandikwa, nikapelekwa nyumbani kwa gari. Kesho yake hakuna aliyepiga simu. Wala kesho kutwa. Nilikaa kwenye chumba changu mguu juu ya mto, nikawa nakumbuka jinsi nyumbani hata timu pinzani ingekuja, mmoja na chupa ya chai, mwingine na viazi vya kuchemsha, wakakaa kitandani kwako wakakusimulia mechi upya. Mechi zetu za Jumatatu watazamaji ni waume wawili na mtoto mwenye simu. Uyole uwanja unajaa, mama zetu wanatupa kanga juu, vigelegele hadi barabara kuu. Filimbi ya huku ningeipeleka kwenye kiwanja kile bila kumpunguza hata mtu mmoja.

Jana nimempigia tena. Nikamuuliza, GS yule anaendeleaje? Hakujua. Kabla ya jioni alikuwa ameulizia, akanitumia ujumbe: kiwiko kimevimba, goti salama, anakaa Ilemi. Nikamwambia Jumamosi amchukue huyo GK wao wapande daladala waende kumwona, nauli nitatuma mimi. Na wakirudi wapite kwa yule mwalimu aliyechezesha, wampe shikamoo yangu.

La GS amekubali. La mwalimu bado ananiambia, "Tutaona, shangazi."