Mji Ukimeza Vijiji, Ajirini Mpima Ardhi Kwanza

Halmashauri ya jiji ikiongezewa eneo, maombi ya ikama mpya (idadi ya watumishi inayoidhinishwa) huandikwa kwa hesabu nyepesi: vijiji 6 vimeingia, tunaomba watendaji wa mitaa, basi. Hesabu hiyo ndiyo inayotuponza.

Marekani hesabu kama hii huanzia kwa polisi na zimamoto, maana mara nyingi ni waajiriwa wa jiji lenyewe. Kwetu Tanzania hao wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na barabara za mitaani ni za TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu 2017. Mzigo wa jiji uko kwenye ardhi.

Kijiji kina halmashauri ya wajumbe 15 hadi 25. Ndio wanaosimamia ardhi kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, wanaigawa kwa idhini ya mkutano mkuu, na hawalipwi mshahara. Kijiji kikifutwa na ardhi yake ikiacha kuwa ya kijiji, kazi hiyo yote inaangukia meza za watu wa mshahara: afisa ardhi, mpima, afisa mipango miji, mthamini. Kijiji hakiji na mpima wake. Kinakuja na bwana shamba, ambaye mashamba anayoyahudumia ndiyo yanayokatwa viwanja.

Na wauza viwanja hawangoji kibali cha Utumishi, ofisi ya serikali kuu inayoidhinisha ajira. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mipaka ikitangazwa Septemba, nafasi mpya zinasubiri bajeti ijayo, kisha kibali, tangazo, usaili. Miezi yote hiyo shamba linauzwa kwa hatua za miguu, 20 kwa 20, mwenyekiti anagonga muhuri, na njia inaachwa ya kupita bodaboda.

Gharama yake inaonekana kwenye taka. Chukua eneo la watu 20,000, kila mmoja nusu kilo kwa siku: tani 10, yaani tripu 2 za lori la tani 7, lenye dereva na wapakiaji 4. Taka hazina Jumapili. Mtumishi, ukitoa pumziko la wiki, likizo ya siku 28 na sikukuu, anabaki na siku kama 270 kazini, kwa hiyo nafasi 5 zinataka watu 7, na hapo hajaugua mtu. Sasa lori haliingii kwenye njia hiyo ya bodaboda. Taka zinatolewa hadi kwenye lori kwa guta (chombo cha mizigo cha magurudumu matatu), kilo 300 kwa safari, safari 34 kwa siku. Mtu akienda safari 4, nafasi ni 9, na kwa hesabu ileile ya likizo ni watu 12 au 13. Lori nalo bado lina watu wake 7. Hao wote wa guta ni wa kuziba pengo la mpima mmoja ambaye hakuwepo mapema.

Kwa hiyo mpima aazimwe au kampuni ya upimaji ipewe mkataba kabla tangazo la mipaka halijatoka, na kazi ya kwanza iwe kuweka mawe ya mipaka ya barabara tu, viwanja vitafuata. Bwana shamba msimrudishe wilayani. Atangulie na mpima, maana ndiye anayejua shamba la nani linaishia kwenye mwembe upi.