Ndege Wale, Siyo Ndege Zile

Kosa lilikuwa la kiambishi tu. Kwenye vikaratasi nilivyowapa watoto wa mwaka wa pili wapeleke nyumbani, niliandika: "Kesho asubuhi tutatoka kuangalia ndege." Ningeongeza "wanaoruka ziwani", yangeishia hapo. Sikuongeza.

Kesho yake mlango wa shule uligeuka stendi. Watoto 31, mwezi wa tatu, wamevaa nguo za Noeli. Mmoja anavuta valizi inayomzidi urefu. Mama Mapacha akanishika mkono.

"Mwalimu, hawa wangu wanatapikaka mu gari. Mpaka Kavumu ni kilomita 30, uwaweke kwa dirisha."

Nikamweleza kwamba hatuendi uwanja wa ndege, tunashuka ziwani, mtaa wa Muhumba, kwa miguu. Alinitazama kama niliyekula nauli.

Ziwani, nyaya za umeme zilijaa mbayuwayu. Nikaanza somo: kila mmoja ana gramu 20 hivi, lakini atavuka Sahara arudi Ulaya, maana huko baridi inaisha na miti inachipua. (Sisi Bukavu tuna mvua na kiangazi, basi.)

"Na visa?" akauliza mwenye valizi.

Sina jibu mpaka leo.

Aliyeniokoa ni mdiria, yule mweusi kwa mweupe. Alisimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga na yeye hasogei, halafu akajitupa kichwa chini, akaibuka na kisamaki cha sambaza mdomoni.

"Helikoptaaa!"

Sauti 31. Mbayuwayu waliondoka wote pamoja. Nadhani safari ya Ulaya ilianza dakika ileile.

Nikatangaza mapumziko. Nikainua andazi langu, nikalikunja ncha kuwaonyesha jinsi mdomo wa mwewe ulivyopinda. Mwewe mwenyewe akaja kusahihisha. Sikumwona. Nilisikia upepo shingoni, ukucha kwenye kidole, nikarudi nyuma hatua mbili. Hatua ya pili ilikuwa ziwa. Niliingia mpaka kiunoni, na daftari la mahudhurio kwapani.

Watoto wakapiga makofi. "Mwalimu, rudia!"

Saa sita Mama Mapacha alikuwa langoni. Wanawe wakamkimbilia, wakisema kwa pamoja: ndege imemnyang'anya mwalimu andazi, imemtupa ziwani!

Akanipima kuanzia viatu vilivyojaa maji mpaka kichwani.

"Pole, Mwalimu," akasema taratibu. "Na rubani alisema nini?"